Kaimu Mfalme wa Nukulevu

Kusini mwa Lebanoni
17 Februari 1994

Kwako Inosi, binamu yangu, mla vya watu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau uwe umeshiba, maana njaa ndiyo ugonjwa wako wa kudumu. Mimi sijambo. Baridi ya huku haina adabu. Asubuhi maji ya kunawa yana ngozi ya barafu, na sisi askari wa kisiwani, watoto wa Levuka, tunarukaruka kwenye geti tunalolinda kama kuku waliokanyaga makaa. Chakula ni nyama ya kopo, mkate mwembamba na zeituni. Jumapili tunatwanga yaqona, ile mizizi yetu ya kinywaji, tuliyokuja nayo kutoka nyumbani, tunakunywa, tunaimba nyimbo za kanisani, halafu kila mtu anaangalia viatu vyake.

Nisalimie Shangazi Laisani. Mwambie mama yako kwamba ile fulana aliyonifumia naivaa ndani ya gwanda kila siku. Nisalimie Baba. Nimemwandikia mara mbili, hajajibu. Najua aliyefundisha shule miaka thelathini na moja amechoka na kalamu, lakini mistari miwili haiui mtu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ufalme.

Nimekuachia kiti changu katika mchezo wa Baba kwa mwaka mmoja. Kukuachia, si kukupa. Wewe ni kaimu. Nakukumbusha unayoyajua, maana huwa unajua ukitaka tu. Mezani kuna mabakuli mawili. Kauri nyeusi ni imani ya raia, kauri nyeupe ni imani ya wafanyabiashara. Baba anasimulia yanayoupata Nukulevu, ufalme wetu wa kubuni, mfalme anatoa amri, wasemaji wa pande mbili wanabishana, na Baba anaongeza au kupunguza kauri. Bakuli moja likibaki tupu, ufalme umekwisha. Nimetawala miaka miwili bila bakuli kushuka chini ya kauri nne. Siri yangu ni hii: raia wakikasirika hununa, lakini bado wapo. Mfanyabiashara akikasirika hang'oa nanga. Kwa hiyo usiiguse bandari.

Na jambo jingine. Kwa kuwa mama yako ni dada wa baba yangu, wewe ni vasu wake. Desturi inakuruhusu uingie kwa mjomba wako ubebe unachotaka: nguruwe, mkeka, hata chungu kilicho motoni, na sisi watoto wake tutazame tu. Nguruwe sawa. Taji hapana.

Je, Baba huniulizia?

Ni mimi, mfalme halali,
Kelepi


Levuka
4 Aprili 1994

Bula, Kelepi mwana wa baridi,

Barua yako imechukua wiki sita. Nimeisoma nikiwa bado na unga mikononi, ndiyo maana nakujibu kwenye karatasi yenye alama za vidole. Pale kwenye tanuri sijambo. Naoka mikate tangu alfajiri, na watu wa mji huu bado wananiita "wewe kijana wa mikate" kana kwamba sikubatizwa jina.

Mama anakusalimu. Anasuka mkeka kwa ajili ya harusi ya mtu ambaye mpaka leo hajamtaja. Nina wasiwasi. Mjomba hajambo. Anakula, anatembea, anagomba na mchungaji kuhusu mahubiri marefu. Amesema nikuandikie hivi: "Kelepi, vaa soksi kavu. Usibishane na mtu mwenye njaa."

Ufalme upo. Tena umechangamka. Umepata mtu mpya, Urmila, yule binti wa dukani pale ufukweni anayekupimia sukari bila kukuangalia usoni. Mjomba alimkaribisha baada ya kumsikia akimkemea mteja. Tulidhani atachukua upande wa wafanyabiashara, si ndio kwao? Akakataa. Alisema, "Miaka ishirini nimesimama nyuma ya kaunta nikisikiliza watu wakilalamika. Raia nawajua mimi kuliko nyinyi." Basi Peniasi, mbeba mizigo wa bandarini ambaye hana hata sanduku lake mwenyewe, ndiye amekuwa msemaji wa matajiri. Anavaa tai! Unamwona Peniasi na tai?

Mjomba ameleta ukame. Kisima kikubwa cha Nukulevu kimepungua. Meli zinataka maji kabla ya kusafiri, raia wanataka maji ya mashamba. Nikatoa amri: siku nne za raia, siku tatu za meli. Peniasi akaruka. "Huyu mfalme au muuza mikate? Anakata kisima vipande!" Mjomba alicheka, Kelepi. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaongeza kauri mbili nyeusi. Sijawahi kumsikia akicheka vile.

Za bandari yako sitasema.

Binamu yako, kaimu kwa jina tu,
Inosi


Kusini mwa Lebanoni
20 Mei 1994

Inosi,

Salamu kwa Shangazi, kwa mchungaji, kwa wote. Baridi imekwisha, sasa ni vumbi. Magari ya tumbaku na ya mboga yanapita getini kwetu tangu asubuhi. Tunafungua, tunakagua, tunafunga. Nimejifunza kusema "subiri" na "pole" kwa Kiarabu, na siku nzima hayo mawili yananitosha.

Alicheka?

Miaka miwili nimekaa kwenye kiti kile. Nimejenga gati, nimemaliza vita vya chumvi, nimemwoza binti wa mfalme jirani bila kumwaga hata tone la damu. Baba aliwahi kusema "Hm." Mara moja alisema "Hm, vizuri." Wewe umekata kisima vipande kama mkate, akacheka mpaka akashika mbavu. Sawa. Mwenye bahati habahatishi.

Na hiyo mistari miwili ya Baba, mbona mwandiko ni wako? Mkono wake unauma?

Ufalme wangu mwingine unaendelea vizuri, maana hata huku nimeanzisha mmoja. Tunatumia kokwa za zeituni na vizibo vya soda. Wenzangu wa kambini wanaupenda sana, Jumapili wanagombea nafasi. Kwa hiyo usidhani nahangaika na Nukulevu.

Lakini kwa kuwa unaelekea kuuzamisha, nakupa amri, na uisome mezani mbele ya wote. Futa zamu za kisima. Tangaza hivi: meli yoyote inayotaka maji, mabaharia wake washuke kwanza wachimbe kisima kipya pamoja na raia, siku mbili, jembe kwa jembe. Wakimaliza, wajaze mapipa yao. Matajiri watapata maji na raia watapata kisima. Mabakuli yote mawili yatapanda kwa amri moja. Peniasi hatakuwa na la kusema, na huyo Urmila pia.

Barua hii naipeleka kwa mkono wa Kapteni anayerudi likizo, isije ikazeekea njiani. Isome mezani. Sema imetoka kwangu.

Kelepi


Levuka
11 Julai 1994

Kelepi,

Habari za huko? Sisi hatujambo. Mvua imenyesha siku tisa, nguo zote zinanuka ukungu kama kobe.

Barua yako ya Mei imechelewa sana, imefika juzi tu. Naona huyo Kapteni wako alipita kwanza kwa shemeji zake wote. Mambo ya kisima yalikuwa yameshapita. Ufalme tupo tupo.

Picha yako imefika pia. Mama ameitundika juu ya redio. Umesimama na kofia ya buluu, kidevu juu, kama mtu anayedaiwa tabasamu akakataa kulilipa. Ili ikae vizuri, picha yangu ya kipaimara imeshushwa, sasa iko jikoni karibu na mafuta ya taa. Kila mgeni akiingia lazima aonyeshwe. "Huyu ni Kelepi, mtoto wa kaka yangu, analinda amani." Jumanne niliingia na mikate minne ya moto, wageni watatu wamekaa, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nikaiweka mezani, nikatoka. Baadaye Mama akaniuliza nani kaleta mikate.

Mjomba anasema uendelee kuvaa soksi kavu.

Kazi imenibana, sitaandika kwa muda.

Inosi


Kusini mwa Lebanoni
5 Septemba 1994

Inosi,

Leo sina salamu ndefu. Mimi ni mzima. Tumekuwa na wiki mbaya, na sitaieleza.

Shangazi ameniandikia. Barua yake nzuri, ya mambo ya mikeka na kwaya, halafu katikati, kama mtu anayetupa maganda, anasema: "Wenzako hawachezi tena, tangu ufalme wenu uanguke mwezi wa sita, baba yako hataki hata meza iguswe."

Mwezi wa sita! Uliniandikia Julai kwamba mpo mpo. Mlikuwa wapi hapo, kaburini?

Nimemuuliza Kapteni. Amesema barua yangu alimpa mama yako mkononi tarehe nane Juni, na mama yako akakuita kutoka uani ukaipokea. Sasa niambie kuhusu shemeji zake.

Na jambo la pili. Shangazi anasema Jumapili wewe ndiye unayemshika Baba mkono kumpeleka kanisani. Baba yangu hupanda vile vidato vya kilimani akiwa ameshika biblia mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili, akiwapita vijana. Tangu lini anashikwa mkono?

Umechukua kiti changu, umechukua kicheko chake, sasa umechukua na mkono. Wewe ni vasu, chukua. Lakini uniambie umechukua nini, ili nikirudi nisikitafute.

Kelepi


Levuka
3 Oktoba 1994

Binamu yangu,

Nimekaa na barua yako siku nne. Mama anakusalimu. Hajui alichokwambia, usimlaumu. Nitaandika yote mara moja, maana nikisimama sitaendelea.

Mjomba haoni. Ni ugonjwa wa sukari. Ilianza kabla hujaondoka, tukadhani ni miwani. Mwezi wa tatu alikuwa anaona vivuli, sasa ni mwanga na giza tu. Barua zako kwake zote mimi ndiye ninayemsomea. Aliniapisha mbele ya Mama. Alisema, "Yule amesimama getini na bunduki. Mtu mwenye bunduki asiwe na baba kipofu kichwani, atafyatua ovyo." Mezani alificha. Aliniambia nikae karibu yake nimsogezee kauri, na wenzetu wakadhani ni heshima ya mpwa kwa mjomba. Urmila nafikiri alijua. Alianza kutaja hesabu ya kauri kwa sauti, kama mtu anayejisemea.

Sasa la pili. Barua yako niliipokea tarehe nane Juni, kama alivyosema Kapteni. Niliisoma mara tano. Amri yako ilikuwa nzuri, Kelepi. Nilikuwa nimehangaika na kile kisima miezi mitatu, na wewe ukiwa mbali kule, kwenye vumbi, umekitatua kwa mistari sita.

Jumamosi tarehe kumi na nane wafanyabiashara walikuwa wamebaki na kauri moja. Bakuli la raia limejaa mpaka kauri zinamwagika, nilikuwa nawapendelea kwa sababu Urmila ni mkali na Mjomba anamfurahia. Peniasi akasimama, akalegeza tai. Safari hii hakutania. Alisema, "Mfalme, tumekungoja misimu mitatu. Watu wetu wanakufa kiu juu ya bahari. Una neno au huna?"

Mjomba akageuza uso upande wangu. Akauliza, "Kaimu, hakuna neno lolote kutoka kwa mfalme?"

Barua ilikuwa mfukoni mwa shati. Nilikuwa naisikia ikikwaruza.

Nikasema, "Hakuna, Mjomba."

Nikatoa amri yangu mwenyewe: siku mbili za raia, tano za meli. Urmila akasema, "Kwa hiyo leo ndiyo umewaona? Jana raia walikuwa watoto wako, leo umewapora?" Peniasi akasema, "Kwetu umechelewa. Tunang'oa nanga." Mjomba alinyoosha mkono atoe ile kauri ya mwisho, na nilikuwa nimesahau kumsogezea bakuli. Mkono ukapita pembeni, ukapapasa meza, ukaangusha kikombe cha chai. Ukaendelea kupapasa. Hapo wote wakajua. Peniasi alivua tai na kuiweka chini taratibu. Urmila akachukua mkono wa mjomba wetu, akauweka ndani ya bakuli.

Mjomba akaitoa kauri. Akasema, "Nukulevu imekwisha. Asanteni kwa kuja."

Unasema nimechukua kicheko chake. Sawa, nimechukua. Desturi inaniruhusu nichukue chochote, na nimechukua vingi. Lakini kila saa kumi na mbili jioni anaweka kiti mbele ya redio na hakuna mtu anayeruhusiwa hata kukohoa, mpaka amesikiliza habari zote za dunia, asikie kama wametaja Lebanoni. Nikiungua mkono kwenye tanuri hajui. Wewe ukinyamaza mwezi mmoja, hali chakula. Hilo ndilo nililotaka, na halibebeki.

Wiki mbili zilizopita, kabla barua yako haijafika, nilimwambia ukweli na kumsomea amri yako. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. "Tena." Mara ya tatu akasema, "Mabaharia wachimbe kwanza," akatikisa kichwa polepole. Halafu akaniambia niende nyumbani. Tangu siku hiyo hajaniita.

Sijui nimalizie vipi.

Inosi


Kusini mwa Lebanoni
1 Novemba 1994

Inosi,

Nilipomaliza kusoma barua yako niliikunja, nikaenda kusugua sufuria za kambi nzima ingawa haikuwa zamu yangu. Sajenti akaniuliza, "Umefiwa?" Nikamwambia bado sijajua.

Sijakusamehe. Nakwambia mapema usije ukanichinjia nguruwe. Macho ya Baba, hilo uliapishwa, sina ugomvi nalo, ingawa limenipiga. Lakini "Hakuna, Mjomba" nitaisikia siku nyingi. Hilo nataka nikuambie uso kwa uso, na nitakuambia kwa sauti kubwa.

Sasa nami nitoe yangu. Ufalme wangu wa kokwa za zeituni ulidumu Jumapili tatu. Kila mtu alitaka kuwa mfalme, nami sikutaka kushuka. Jumapili ya nne nilikaa mezani peke yangu na vizibo vyangu, wakapita wenzangu na mpira, wakasema, "Mheshimiwa, hujambo?" Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa na meza iliyojaa watu.

Na lile wazo la kuchimba si langu. Mwezi wa tano kulikuwa na ugomvi kwenye chemchemi karibu na geti. Madereva wa magari ya maji upande mmoja, wanawake wa kijiji upande wa pili, mfereji umezibwa na mawe. Mimi nimesimama katikati na bunduki, nasema "subiri, pole, subiri, pole". Bibi mmoja akaweka ndoo yake mbele ya gurudumu, akawaambia madereva kitu. Mkalimani akacheka. "Anasema, mwenye kiu kuliko wote na awe wa kwanza kubeba mawe." Wakashuka, wakabeba. Niliandika kana kwamba nimelizaa mimi. Sikuandika ili kuokoa raia wala meli. Niliandika ili Baba ashike mbavu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Septemba waliniletea fomu ya kuongeza mwaka mwingine. Niliijaza yote, ikabaki sahihi. Nilijiambia, kiti kimeshapata mtu, nirudi kwa nani? Iko chini ya godoro mpaka leo. Sasa nimeichana. Nafika nyumbani Januari, tarehe ishirini kama ndege haina maneno.

Usingoje kuitwa. Tangu lini vasu anaitwa? Ingia kwa mlango wa jikoni kama kawaida yako, funua vyungu. Umsomee Baba barua hii yote, usiruke mahali. Msomee na hapa: huwa naogopa, Baba. Asubuhi gari la kwanza likikaribia getini magoti yangu si yangu. Soksi ni kavu.

Kelepi


Levuka
24 Novemba 1994

Kelepi,

Mama hajambo, mkeka umekwisha, na bibi harusi ni binti wa mchungaji, bwana harusi ni Peniasi. Nimelala usingizi tena.

Niliingia kwa mlango wa jikoni. Mjomba alikuwa anamenya magimbi kwa kupapasa, nusu ya gimbi inakwenda na maganda. Akasema, "Unanuka mkate," akanisogezea kisu. Nikamenya. Tulipomaliza nikamsomea yote. Pale pa magoti aliniambia nisimame, akatoka nje, akakaa muda mrefu kwenye ngazi. Aliporudi akasema, "Hata mimi yangu yalikuwa hivyo siku ya kwanza darasani. Mwandikie hivyo." Basi nimekuandikia. Na pale pa bibi na ndoo alicheka, Kelepi, akashika mbavu kweli. Sikwambii hivi ili kukufariji. Nilikuwepo, nikaona, na iliniuma kidogo, ila nilivumilia.

Jumamosi iliyopita alituita wote. Nukulevu hairudi, amesema. Ufalme ulioanguka hauokotwi. Ameanzisha mwingine, bado hauna jina. Ametugawia nafasi. Wewe utawasemea raia. Mimi nitawasemea wafanyabiashara. Tutakaa kila mtu na bakuli lake, tukitazamana, na tubishane mpaka meno yatoke. Mfalme hakuna. Kuna malkia, naye ni Urmila.

Peniasi alipiga makofi. Mimi nilitazama meza. Miezi yote ile nimekutazama wewe, wewe umenitazama mimi, na huyu alikuwa ameketi hapo hapo anahesabu kauri kwa sauti ili mzee asiaibike.

Mjomba akamwambia, "Malkia, amri ya kwanza." Urmila hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Hakuna kauri itakayosogezwa mpaka raia wapate msemaji wao. Tutangoja tarehe ishirini Januari." Akafunika mabakuli kwa kitambaa, akatugawia vitamu vilivyobaki vya sikukuu yao ya Diwali, akaenda zake dukani.

Mjomba amenung'unika wiki nzima kwamba hana la kufanya Jumamosi. Mimi nimeirudia amri ile kichwani nikiwa natoa mikate, nikitafuta kasoro. Haina. Ningekuwa mimi nisingeifikiria, na wewe pia usingeifikiria, usinidanganye.

Njoo upesi, binamu. Wivu huu ni mkubwa, siubebi peke yangu.

Inosi